Wageni wa Miezi Minane: Kuwatazama Ndege wa Kaskazi Mida

Mara ya kwanza nilipokwenda Mida kutazama ndege niliwakosa, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Niliondoka Mombasa alfajiri kwa matatu ya kwanza ya Malindi, nikavuka daraja la Kilifi jua likiwa bado halijapanda minazi, na kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimesimama mwisho wa kile kidaraja cha mbao kinachoning'inia katikati ya mikoko, darubini shingoni, nikijiona mtaalamu. Mbele yangu palikuwa na tope. Lilianza miguuni mwa mikoko, likaenda, likaenda tena, mpaka likakutana na utepe mwembamba wa maji uliokuwa ukimetameta mbali sana, na kandokando ya utepe ule palikuwa na vidoa vilivyotikisika kwa mvuke wa joto. Hao ndio waliokuwa ndege. Nilikuwa nimekuja siku mbili baada ya mwezi mpevu, wakati wa bamvu, ambapo bahari hukupwa mpaka ukadhani imehama; na mimi, mtoto wa pwani niliyekua nikiwasikia wazee wakihesabu bamvu na maji mafu vidoleni, nilikuwa nimeangalia saa badala ya kuangalia mwezi.

Kijana aliyekuwa zamu pale kidarajani alinihurumia. "Mzee wangu," aliniambia, "hawa hawafuatwi. Ukiwafuata watazidi kwenda mbali, nawe utazama. Subiri mpaka saa tisa alasiri, maji yatawaleta yenyewe." Nilimshukuru, kisha nikafanya nilivyotaka. Hatua ya kumi na mbili mguu wa kushoto ulididimia mpaka gotini. Mguu niliutoa, lakini ndara ilibaki, na mpaka leo iko huko huko.

Mida ni mkono wa bahari ulioingia bara kusini mwa Watamu, katika Kaunti ya Kilifi, wenye eneo la takriban kilomita za mraba 32 na mlango mwembamba kuliko mtu angetarajia kwa hori kubwa namna hiyo. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko karibu nayo upande wa bara, na magofu ya Gede hayako mbali. Hakuna mto unaomimina maji ndani yake. Maji matamu hufika chini kwa chini, yakichujika katika mawe ya matumbawe, na pengine ndiyo sababu maji yake huwa maangavu kuliko ya mito yetu iliyojaa udongo. Hifadhi ya bahari ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968, na mwaka 1979 UNESCO iliitambua Malindi na Watamu kuwa hifadhi ya baiolojia ya kimataifa. Hayo yameandikwa kwenye vibao. Jambo ambalo sikuliona kwenye kibao chochote, na ambalo mtu anayekwenda kutazama ndege anapaswa kulijua kabla ya jina la ndege hata mmoja, ni kwamba katika pwani yetu siku za bamvu maji hukauka saa nne hadi saa tano za asubuhi na kujaa saa kumi hadi saa kumi na moja za alasiri, na kwamba tofauti kati ya kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4. Kwenye tope tambarare, mita 4 za kwenda juu ni mamia ya mita za kwenda mbele. Ndege huishi kwa saa hiyo.

Basi nilikuwa na karibu saa tano za kungoja, na mguu mmoja peku. Kijana alinipa maji ya kunawa, akanipeleka nyuma ya mikoko, mahali ambapo wageni wengi hupapita haraka wakikimbilia kidaraja. Ni uwanda mtupu wa rangi ya majivu, mgumu juu na laini chini, ambao bahari huufikia siku chache tu za mwezi, zile za bamvu kubwa. Maji yakiingia hutulia, jua huyanywa, na chumvi hubaki imeganda kwenye nyufa kama unga uliomwagika. Hapo haoti mkoko wala mlilana, ambao hutaka maji kila siku. Huota mboga ya pwani, ile inayotambaa chini yenye majani manene na mashina mekundu, na ukingoni kabisa husimama michu iliyodumaa, mti mzima usiozidi kimo cha mtoto. Kijana alichuma jani la mchu akanipa nilitazame. Lilikuwa na chembechembe zinazong'aa. "Lamba," akasema. Nililamba, na ilikuwa chumvi kabisa, kali kama ya kupikia. Mti hunywa maji ya bahari, kisha chumvi huitoa jasho kwenye majani. Nilikuwa nimeishi miaka zaidi ya hamsini kando ya michu, nimelala chini ya dari za boriti na kukanyaga vipumulio vyake nikienda kuvua, na sikuwahi kuijua ladha ya jani lake.

Saa tisa tulirudi kidarajani. Maji hayakuja kwa wimbi. Yalikuja kama mtu anayenyata, kwanza katika vijifereji, kisha yakaunganisha vijifereji, na kila mahali yalipofika ndege walisogea hatua chache kuelekea kwetu. Hiyo ndiyo siri yote. Wao hula penye ukingo wa maji, kwa sababu hapo ndipo tope linapolainika na wadudu na minyoo hukaribia juu, na ukingo ule ulikuwa unakuja kwetu bila sisi kuinua mguu. Baada ya nusu saa sikuhitaji hata darubini.

Sululu ndiye niliyemtambua wa kwanza, na Kiswahili kimemtendea haki: jina lake ni lile lile la sululu ya kuchimbia, na ukimwona ameinamisha mdomo ule mrefu uliopinda chini, akiuzamisha wote katika shimo la kaa mpaka macho yanakaribia kugusa tope, hutauliza kwa nini. Karibu naye alikuwapo ndege mwingine, mdogo, mwenye miguu ya rangi ya chungwa na mdomo uliopinda kinyume, kwenda juu kama shazia. Huyu hakutembea, alikimbia. Alikimbia akiwa ameinama, akageuka ghafla, akakimbia upande mwingine kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na kila kituo kilimpa kaa mdogo, ambaye mara nyingine alimbeba mpaka ukingo wa maji na kumsuuza kabla ya kummeza. Kaa wenyewe, wale madume wenye gando moja kubwa, walikuwa wakipungiana magando kwenye tope lililobaki kavu, na kila kivuli kilipopita walizama mashimoni wote kwa pamoja, kama darasa lililosikia mwalimu anakuja.

Na kati yao vitwitwi, mamia, wa kijivu mgongoni na weupe tumboni, wakidonoa tope haraka haraka kama cherehani. Nilijaribu kuwatenganisha aina kwa aina nikashindwa. Kijana alinifundisha kutazama midomo, wala si manyoya: mwenye mdomo mfupi huokota juu juu kwa kuona, mwenye mdomo mrefu hupapasa chini kwa kuhisi, na kwa hiyo ndege wa aina kumi wanaweza kulisha kwenye tope moja bila kugombana sana, kila mmoja akila ghorofa yake.

Ndege hawa wengi hawakuzaliwa Kenya. Ukisoma maandishi ya Wazungu utaambiwa kwamba wanakuja huku "kukaa kipupwe", na hapo ndipo lugha inaponipa taabu, kwa sababu kwetu miezi wanayokaa si kipupwe hata kidogo. Wanaanza kuingia Agosti, kusi ikielekea kulegea. Wanakuwa wengi kabisa Desemba na Januari, kaskazi ikivuma na joto likiwa halilaliki. Wanaondoka Aprili, mvua za masika zikianza. Kipupwe chetu, Juni na Julai, ndicho wanachokikosa. Shangazi yangu mmoja, ambaye hakuwahi kushika darubini, alikuwa akiwaita tu ndege wa kaskazi, na sijaona jina lililo bora zaidi: linataja watokako, linataja upepo, na linataja majira.

Yuko mmoja ambaye jina hilo linamfaa kuliko wote. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya buluu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene ulionyooka ambao ukiutazama unajua mara moja kwamba haukutengenezwa kwa minyoo. Kitaalamu anaitwa Dromas ardeola. Sisi tulikuwa tukimwita mla-kaa, nami nitaendelea hivyo. Yeye yuko peke yake katika familia yake, hana ndugu wa karibu duniani. Huzaliana kwenye pwani na visiwa vya Oman, Falme za Kiarabu, Iran, Kuwait, Saudi Arabia, Eritrea na Somalia, na huzaliana kwa namna ambayo hakuna ndege mwingine wa jamii pana ya vitwitwi aifanyayo: huchimba tundu refu mchangani, hutaga humo yai moja tu, jeupe, na huuachia mchanga wenye joto sehemu kubwa ya kazi ya kuatamia. Kinda hulishwa humo humo tunduni. Akishapata mabawa husafiri na wazazi wake mpaka huku, na huendelea kudai chakula.

Niliyaona hayo kwa macho yangu. Walikuja kundi la arobaini na zaidi, wakatua kwenye ukanda wa mchanga ulio upande wa pili wa mfereji, na mmoja wao, wa kijivu badala ya mweupe, alimfuata mwenzake mweupe hatua kwa hatua, kichwa chini, akilia kilio chembamba kisichokatika. Yule mkubwa alikamata kaa, akamtikisa mpaka miguu ikaruka huku na huku, na kabla hajammeza, kile kidogo cha kijivu kilikuwa kimeshafika mdomoni mwake. Kilikuwa na kimo sawa na mzazi wake. Mwenzangu wa kidarajani alicheka. "Hata kwetu wako, mzee. Ana ndevu na bado anauliza chakula kiko wapi."

Siwezi kumtazama mla-kaa bila kufikiria majahazi. Kwa karne nyingi watu wa Ghuba na Oman walishuka na kaskazi, wakakaa Lamu, Malindi, Mombasa na Unguja mpaka kusi ilipoanza kuvuma, kisha wakarudi na shehena. Na sehemu kubwa ya shehena hiyo ilikuwa mikoko hii hii, mapau na mazio na boriti zilizokatwa hasa Lamu na kupelekwa kuezeka nyumba za nchi zisizo na miti. Biashara ya kuuza boriti nje ilipigwa marufuku Kenya mwaka 1982, na majahazi ya safari hiyo yamekwisha. Mla-kaa hajakatiza safari yake. Bado anashuka na upepo ule ule kutoka pwani zile zile, na anarudi kwa majira yale yale ambayo manahodha walirudi.

Hata hivyo safari yake ni fupi ikilinganishwa na ya baadhi ya vitwitwi. Yuko mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, Calidris ferruginea, ambaye huzaliana kaskazini kabisa mwa Siberia, hasa rasi ya Taimyr, kwenye nchi ambayo ardhi ya chini haiyeyuki barafu mwaka mzima. Ana uzito wa yai la kuku, gramu 60 hivi, na ili afike Mida huruka zaidi ya kilomita 8,000. Wingi wa watoto wake hutegemea panya. Kule kuna vipanya waitwao lemingi ambao kila baada ya miaka mitatu au minne huongezeka kupita kiasi. Mwaka huo mbweha wa barafu hushiba lemingi na kuyaacha makinda ya vitwitwi. Mwaka unaofuata lemingi hupungua, mbweha hugeukia viota, na huku kwetu, nusu ya dunia kutoka hapo, anayehesabu ndege huona kwamba wadogo ni wachache bila kuwa na mbweha wa kumlaumu. Dume huondoka Siberia kwanza, jike hufuata, na watoto huja nyuma peke yao, bila mkubwa wa kuwaonyesha njia ambayo hawajawahi kuipita.

Sasa hesabu miezi. Kitwitwi huyu hukaa Siberia wiki chache tu, za Juni, Julai na sehemu ya Agosti kwa wanaochelewa. Njiani anatumia wiki nyingine kadhaa. Hapa anaweza kukaa miezi minane. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu tangu siku ya kwanza amejiletea jembe lake mdomoni na kuanza kulima. Ndiyo maana neno "wageni", ambalo liko katika kila kijitabu cha watalii, limekuwa likinikera kadiri ninavyorudi. Mtu akikaa kwako miezi minane na kwao miwili, wa kwao ni wapi?

Nilirudi Januari, safari hii nikiwa nimeitazama kalenda ya mwezi kwanza, kwa sababu Januari ndiyo mwezi wa kuhesabu ndege wa majini katika nchi nyingi, zoezi la kimataifa lililoanza mwaka 1967. Mida imebahatika kuwa na watu wa kulifanya kwa makini: shirika la A Rocha Kenya, lenye kituo chake Watamu, limekuwa likiwahesabu ndege wa hori hii na kuwavisha pete za miguuni kwa miaka mingi, na mpango wake wa ASSETS, ambao ndio wenye kidaraja kile, hutumia ada za watazamaji kuwalipia karo ya sekondari wanafunzi wa vijiji vinavyopakana na msitu na hori. Mimi nilikwenda kama msaidizi wa kijana wangu, kwenye daftari lake mwenyewe. Alilichora safu mbili kwa rula, moja imeandikwa "wenyeji", ya yangeyange na wenziwe, na nyingine "wageni".

Nilidhani kazi hiyo itanifaa, kwani nilikula mshahara bandarini kwa kuhesabu mizigo. Magunia hayaruki. Kijana alinifundisha kushika kumi kwa jicho, kisha kulinakili kumi lile juu ya kundi, kumi, ishirini, thelathini, mpaka mwisho. Na kila mara nilipokaribia mwisho, mbwa alitokea, au pikipiki ilipita kwenye ukingo, na kundi zima likainuka, likageuka angani kama kitambaa kinachokung'utwa, jeupe, kisha kijivu, kisha jeupe tena, na kutua likiwa limechanganyika upya. Ilikuwa nzuri kutazama kwa mara mbili za kwanza. Mara ya tano nilianza kuelewa maana yake kwa ndege: kila kuruka ni chakula kinachotumika, na maji yakishajaa hakuna pa kukirudisha. Hapo sululu hupanda juu ya mikoko na kusimama matawini kama kuku waliolala, mla-kaa husongamana kwenye kipande cha mwisho cha mchanga, na vitwitwi huhamia ule uwanda wa chumvi nyuma, ambao mtu asiyejua huuona kiwanja kisicho na kazi. Nilimsikia mtu mmoja siku ile ile akisema kwamba pale pangefaa kujengwa.

Mwaka 2024 orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ilimpandisha kitwitwi wa Taimyr daraja, kutoka karibu na hatari hadi hatarini. Sababu zimetapakaa njia nzima, kuanzia nchi za barafu hadi fukwe za joto, na hakuna hori moja inayoweza kubebeshwa lawama yote. Lakini uwanda mmoja wa chumvi ukijazwa kifusi ni rahisi kuhesabu.

Mwanzoni mwa Aprili nilikwenda tena, na kwa dakika kadhaa nilidhani wamekuja ndege wengine. Wale wa kijivu walikuwa wanageuka wekundu, rangi ya tofali lililochomwa, wengine kifuani tu, wengine mwili mzima. Walikuwa pia wamenenepa kiasi kwamba walitembea kwa kuyumba; mafuta ndiyo shehena yao, na kitwitwi wa safari ndefu huongeza uzito wake kwa zaidi ya nusu kabla ya kuondoka. Walikula bila kuinua vichwa. Jioni, maji yakiwa yamejaa na upepo ukiwa umekufa kati ya kaskazi na kusi, kundi moja la kama thelathini liliinuka bila kushtuliwa na chochote, likapiga kelele nyingi kuliko kawaida, likazunguka mara mbili, na badala ya kutua likaendelea kupanda. Tuliwafuata kwa darubini juu ya Watamu mpaka darubini ikaishiwa na kitu cha kuonyesha. Kijana hakuandika kitu. Alisema kwamba katika daftari hakuna mahali pa waliokwenda.

Nilikuwa sijawahi kwenda Mida wakati wa kipupwe, kwa kuwa niliamini hakuna wa kumtazama. Mwaka jana, Julai, nilipita nikitoka msibani Malindi. Kusi ilikuwa ikivuma kwa nguvu, mbingu ya mawingu, kidaraja kikipiga kelele kwenye kamba zake. Tope lilikuwa tupu, isipokuwa yangeyange wawili, na karibu na mfereji vitwitwi wachache, wa kijivu kabisa, hawana hata doa jekundu. Nilidhani ni wagonjwa. Kijana akanieleza kwamba ni vijana wa mwaka wao wa kwanza, ambao wengi hawarudi kaskazini. Hawana la kwenda kufanya huko, hawajafikia umri wa kuzaa, na safari ni ndefu, kwa hiyo hubaki hapa hapa mwaka mzima mpaka zamu yao ifike.

Alikuwa ameshafungua daftari. Alihesabu mara mbili kwa kidole, akapata kumi na wanne, akashika kalamu juu ya karatasi kwa muda, upepo ukiipeperusha pembe yake. Kisha akaandika 14 juu ya mstari wenyewe unaozitenga safu mbili, akafunga daftari, akaniambia tuondoke kwa sababu maji yalikuwa yameanza kuingia.